Ukurasa wa Wagika na Wagalu

Siku ya kuniaga mlikata keki, mkanivisha kitenge, kisha mmoja wenu wa kitengo cha mawasiliano akasimama akasema, "Mama Minza ndiye aliyetengeneza tovuti ya kwanza ya kampuni yetu." Watu wakapiga makofi. Jamani, si kweli. Tovuti ilitengenezwa Dar es Salaam na watu ambao sikuwahi kuwaona kwa macho. Mimi nilitengeneza ukurasa mmoja tu ndani yake, ukurasa wa mashabiki wa netiboli, na huo mmoja ulinitoa jasho kuliko kazi nyingine zote nilizofanya pale. Mmeniomba niandike ilivyokuwa. Habari za nani alipandishwa cheo na nani aliachwa sitaziandika, maana ziko kwenye mafaili na nyingine bado zinanikera.

Niliajiriwa miaka ile ushirika ulipoacha kuwa mnunuzi pekee wa pamba. Zamani mkulima alikuwa na mlango mmoja wa kupeleka pamba yake, basi. Ghafla makampuni yakamiminika Bariadi, kila moja na mizani yake, na kila karani akiapa kwamba ya kwake ndiyo haipunji. Simiyu haikuwa mkoa bado, tulikuwa chini ya Shinyanga. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili kando ya jinari, kile kiwanda cha kuchambulia pamba, na vumbi la pamba liliingia kila mahali, hadi kwenye ugali. Niliripoti siku ya kwanza nimevaa viatu vya kuazima, mkononi nina cheti cha upigaji chapa. Nikaoneshwa mashine ya kupigia chapa, nikaambiwa nisiiguse, ni ya sekretari. Ya kwangu ilikuwa redio ya upepo.

Aliyenifundisha redio ni mzee Jilala, fundi wetu, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamsha zahanati nzima. Alijifunza kazi hiyo jeshini na alikuwa haamini mtu yeyote ambaye hakupita jeshini.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimia asubuhi ile, kwa Kisukuma, kama anavyosalimiwa mwanamke mtu mzima.

"Mwangaluka, baba."

"Mhola?"

"Mhola, salama tu."

"Haya, basi keti hapo na usiguse kitu."

Vituo vyetu vya kununulia pamba vijijini havikuwa na simu. Kila jioni karani wa kituo aliita kwa redio, akataja kilo alizonunua, akataja magunia yaliyobaki. Mzee Jilala alinifundisha kuongea polepole, mdomo usiwe karibu mno na kipaza sauti, na kufunika redio kwa kitambaa cheupe kila nikimaliza. Alinifundisha pia nisiulize mtu "umeelewa?" Alisema, "Kila mtu atakujibu ndiyo. Mwambie akurudishie maneno yako." Hilo lichukueni, vijana, hata kwenye hizo simu zenu linafanya kazi.

Baadaye ikaja kompyuta. Sekretari alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo kompyuta ikawekwa mezani kwangu, na hiyo ndiyo sababu pekee ya mimi kuwa mtaalamu. Nilipelekwa Mwanza, nikakaa kwenye duka la intaneti kwa dada mmoja mkali anaitwa Zuhura, ambaye alinifundisha kuandika kurasa kwa mkono, alama moja baada ya nyingine. "Kila unachofungua kifunge," alikuwa akisema, "kama sufuria." Nikisahau kufunga alama moja, ukurasa mzima unageuka maandishi mazito meusi, naye anacheka bila huruma. Nilirudi Bariadi na disketi kwenye mkoba. Laini yetu ya simu ilikuwa inaunganisha intaneti kwa kulia kama mbuzi anayechinjwa, na mara nyingi ilikata kabla hujamaliza kupeleka picha moja.

Sasa nije kwenye netiboli. Kampuni ilikuwa na timu mbili. Ya mpira wa miguu ya wanaume, ambayo ilikuwa na jezi, viatu na usafiri, na ya netiboli ya wanawake wa jinari, ambayo ilikuwa na mpira. Kocha alikuwa Mwalimu Sado wa shule ya msingi, Mkatoliki wa kupiga magoti kabla hajapuliza filimbi. Wachezaji wake walikuwa vibarua wa msimu. Msimu wa pamba ukiisha, mashine zinazimwa na vibarua wanarudi makwao, isipokuwa hawa wa netiboli. Wao walibakizwa kushona magunia na kusafisha maghala ili timu isitawanyike. Kwa wanaume ile timu ilikuwa mchezo. Kwa hawa dada ilikuwa kazi ya mwaka mzima.

Na kwa Holo ilikuwa zaidi ya kazi. Holo alicheza senta, yule wa katikati anayegawa mipira. Kwao ni Ngulyati, lakini aliolewa upande wa Mkula, akakaa miaka michache, akaondoka. Alichokikimbia hakukisema, ila mkono wake wa kushoto ulikuwa haunyooki sawasawa, na sisi hatukuwa watoto wa kuuliza. Wazazi wake walishafariki. Mwenye kauli juu yake alikuwa kaka yake, Masunga, mpiga ngoma anayejulikana Ngulyati yote. Masunga alikuwa amemwambia wazi: maadamu una kazi mjini, sawa, kaa. Kazi ikiisha unarudi kwa mumeo, mimi siwezi kukaa na mke wa mtu nyumbani kwangu. Holo alinieleza haya siku moja tukichambua mchele, bila kulia, kama mtu anayesoma ratiba ya basi.

Basi akaja meneja mpya kutoka Dar, Bwana Swai. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa anapenda vitu vieleweke. Akaniita ofisini.

"Minza, makao makuu wamefungua tovuti. Kila kituo kinapewa nafasi. Hapa kwetu wekeni michezo."

"Sawa, meneja."

"Wanaume wana mashabiki, nimeona. Hawa kina dada wana mashabiki gani? Jumamosi nimehesabu, walikuwepo mbuzi wengi kuliko watu."

Na mbuzi kweli walikuwepo.

"Nataka kuvunja hii timu ya netiboli msimu ukiisha," akasema. "Lakini nisije nikaonekana mkorofi. Tengeneza ukurasa wa mashabiki wao. Nikiwaona hao mashabiki, timu inabaki. Nisipowaona, wanakwenda nyumbani kama vibarua wengine."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Nilitengeneza ukurasa kama Zuhura alivyonifundisha. Nikaweka picha ya timu, majina ya wachezaji, na chini kabisa sehemu ya shabiki kuandika maoni yake. Nikaweka na kile kihesabu cha kuonesha wangapi wamefungua. Siku chache baadaye kihesabu kilikuwa kimepanda vizuri, nikafurahi, nikamwita mzee Jilala aje aone. Akatazama, akauliza, "Kila ukifungua wewe kinapanda?" Nikafungua tena, kikapanda. Loo! Mashabiki wote walikuwa mimi.

Tukanywa chai. Nikamwambia mzee kwamba hata wangekuwa na kompyuta, watu wa huku hawawezi kushabikia netiboli, hawaijui. Akaniangalia kama nimetukana.

"Hawa watu wasijue kushabikia? Wewe Minza ulizaliwa wapi? Mbona wakati wa mavuno wanatembea tangu alfajiri kwenda kwenye ngoma?"

"Ngoma ina pande mbili, mzee."

"Ndiyo nasema. Nyie mnapiga ngoma ya upande mmoja, nani aje?"

Kwa nyie mliokuja kutoka mikoa mingine nieleze kidogo. Kwetu Usukumani kuna vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu. Mtu anafuata upande wa familia yake. Siku ya mashindano pande zote mbili zinacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, hawa huku, hawa kule. Hakuna jaji. Watazamaji wako huru, wanakwenda wanakovutwa, na upande uliovuta watu wengi ndio umeshinda. Ndiyo maana utaona mtu mzima na heshima zake ameingia na nyoka shingoni, au amepanda juu ya ngongoti, ile miguu mirefu ya miti, ili tu watu wa upande wa pili wageuze shingo.

Nilirudi mezani nikafuta ukurasa wote. Nikaugawa katikati kwa mstari. Kushoto Wagika, kulia Wagalu. Kila mchezaji nikamweka upande wa familia yake, maana hiyo si siri, kila mtu anajua. Holo kulia, Mgalu. Nkwimba, mfungaji wetu mrefu kama mnara wa simu, kushoto, Mgika. Mchezaji akifunga, upande wake unapata alama. Shabiki akituma salamu au majigambo, yanaandikwa upande wake na yanahesabiwa. Upande wenye sauti nyingi wiki hiyo unapanda juu kwa herufi nene.

Mwalimu Sado alipoona akanijia juu. "Minza, mimi nafundisha netiboli, sifundishi uganga!" Maana ngoma zetu, mnajua, zina pia dawa za kuvuta watu. Nikamwapia kwamba hakuna dawa, kuna mstari tu katikati. Akaondoka akinung'unika, lakini kesho yake akaja kuniuliza kwa nini Wagalu wana wachezaji wawili zaidi.

Kijijini hakuna intaneti, na hapo ndipo redio ya upepo ilipoingia. Kila jioni karani akimaliza kilo zake anasema, "Nina salamu za mashabiki, ova." Ananitajia, naandika, usiku laini ikiwa nzuri napeleka kwenye tovuti. Kisha nachapa ukurasa kwenye karatasi, lori linalokwenda kuchukua pamba linabeba nakala, karani anabandika ukutani juu ya mizani. Mkulima anayesubiri kupima anasoma, au anasomewa. Akikuta upande wake umezidiwa, haondoki bila kujibu.

Mwanzoni zilikuja salamu za aibu aibu, "tunawatakia ushindi." Wiki mbili, tatu, mambo yakachachamaa. Kituo cha Ngulyati kikatuma kwamba mfungaji wa Wagika ni mrefu kwa sababu amekaa bure bila kubeba mzigo. Wagika wakajibu kwamba senta wa Wagalu anakimbia sana kwa kuwa ameshazoea kukimbia majembe. Watoto wetu walioko Dar na Mwanza wakaanza kufungua tovuti na kuandika, mmoja hata akaandika kutoka ng'ambo, anasoma huko, anauliza kwa uchungu kabisa kwa nini Wagika wako chini. Neno lake nalichapa, linakwenda kijijini, mama yake anasomewa penye mizani. Anacheka, analia, anatuma lingine. Nyie leo mnaita ushiriki wa mashabiki, mna hata semina zake. Sisi tulikuwa tunaita kelele.

Na uwanjani wakaanza kuja. Kwanza wale wanaoleta pamba, wakishapima wanapitia. Halafu wanakuja bila pamba, wamevaa vizuri, Wagika upande mmoja wa uwanja, Wagalu upande mwingine, hakuna aliyewapanga. Siku moja nilitembelewa ofisini na wazee watatu wa Wagika. Walisalimia kwa adabu zote, wakaketi, kisha mkubwa wao akasema wangependa kuangalia nyuma ya kompyuta.

"Mnatafuta nini, baba?"

"Tumesikia Wagalu wameweka kitu."

Nikaigeuza. Wakaona nyaya na vumbi la pamba. Mmoja akaokota kipande cha uzi, akakitazama sana, akakiweka mfukoni. Hadi leo wananiuliza mimi ni upande gani, na hadi leo sijawaambia.

Nilijiona mjanja wa wajanja. Ikaja mechi ya kirafiki na timu ya kampuni nyingine ya pale pale mjini, na Bwana Swai akaja kuangalia. Umati ulikuwa mzuri, mbuzi walifukuzwa. Filimbi ikalia, Holo akashika mpira, Nkwimba yuko peke yake chini ya goli anapunga mikono. Wagalu wote wakapiga kelele, "Usimpe! Usimpe! Unawapa Wagika!" Mbele yao kabisa alikuwa Masunga, kaka yake, mishipa imemtoka shingoni. Holo akasita. Akautoa mpira kwa Mgalu mwenzake aliyekuwa mbali na amezibwa. Ukanyakuliwa. Ikawa hivyo tena, na tena. Na mabeki wa Kigika wakawa wanamruka Holo kama hawamwoni. Timu yangu ilikuwa inacheza ngoma mbili ndani ya mchezo mmoja.

Tulifungwa vibaya, sitaki hata kukumbuka. Holo alitoka uwanjani akaja moja kwa moja kwangu.

"Dada Minza, umeniua," alisema. "Nikimpa Nkwimba, kaka yangu anazomewa na watu wake. Nisipompa, timu inavunjwa, ananirudisha Mkula. Sasa mimi nifanyeje? Niambie wewe uliyechora huo mstari wako."

Bwana Swai aliondoka bila kuaga, ila alimwambia Mwalimu Sado kwamba anawaachia mechi moja tu, ile ya timu ya Binza, wilaya jirani ya Maswa, na baada ya hapo wafanye usafi wa stoo, wakabidhi mpira.

Mwalimu Sado alitaka niufute ule mgawanyo mara moja. "Warudi kuwa timu moja." Nikamwambia nikiufuta, Jumamosi tutabaki na mbuzi. Tulibishana mpaka tukaacha kuitana mwalimu na dada. Mwishowe nikamuuliza kitu ambacho ningepaswa kumuuliza tangu mwanzo: kwenye netiboli, nani anafunga? Akasema wawili tu wanaruhusiwa kufunga, lakini hakuna goli bila aliyetoa pasi. Nikamwambia arudie. Akarudia kwa hasira. Nikaenda kwenye kompyuta.

Nilichobadilisha ni kitu kidogo. Mstari niliuacha. Lakini alama za goli nikazihamisha. Anayefunga, upande wake unapata moja. Aliyetoa pasi ya goli, akiwa wa upande mwingine, upande wake unapata mbili. Ukimpa wa upande wako, pasi haihesabiwi kitu. Jioni ile nilisoma kanuni mpya kwenye redio ya upepo, kituo kimoja kimoja, na kila karani nikamfanya anirudishie maneno yangu. Karani wa Ngulyati aliponirudishia, nyuma yake nikasikia watu wanabishana, halafu mmoja akacheka kwa sauti, "Kumbe magoli ya Nkwimba ni ya kwetu!" Nikajua imeingia.

Siku ya mechi ya Maswa nilifika mapema nikamkuta Masunga ameshafika. Ameegemeza baiskeli kwenye ukuta wa ghala. Kwenye keria kulikuwa na kamba ya mpira, haina mzigo.

"Mwadila, mayu," akanisalimia, maana ilikuwa imeshakuwa alasiri.

"Mwadila. Umekuja kuangalia mpira?"

"Nimekuja kumchukua dada yangu. Nimesikia leo ndiyo mwisho. Tutaondoka mechi ikiisha, nimpeleke Mkula."

"Kakubali?"

"Mimi sikumuuliza," akasema, na akatazama pembeni. Nilimchukia sana wakati ule, siwafichi. Nilitamani nitoboe tairi zote mbili.

Watu walikuja kama wanavyokuja kwenye ngoma za mavuno. Walijaa pande zote mbili mpaka mstari wa uwanja haukuonekana, Mwalimu Sado akawa anawasukuma nyuma kwa filimbi na kwa rozari. Wengine walipanda juu ya marobota ya pamba. Wamaswa wenyewe walishangaa, wakadhani wamekuja kucheza fainali ya taifa. Bwana Swai alisimama mlangoni pa ofisi, mikono mfukoni, hakuna kiti kilichobaki.

Holo alishika mpira wa kwanza. Akamtazama Nkwimba, akatazama upande wa Wagalu. Na Wagalu wote wakalipuka, "Mpe! Mpe! Mpe Nkwimba!" Akampa. Nkwimba akafunga. Wagalu wakarukaruka kama wamefunga wao, na Wagika nao wanarukaruka kwa sababu mfungaji ni wa kwao, na mimi nilisimama pale na karatasi yangu ya alama nikajikuta napiga vigelegele. Wagika nao, wakitaka Nkwimba alishwe mipira, wakaanza kuwapigia kelele mabeki wao, "Mtafute Holo! Mtafute Holo!" Ule mpira ulikuwa unatembea kutoka upande hadi upande, haukai mkononi mwa mtu. Masunga alikuwa amepoteza sauti, anapiga ngoma juu ya debe tupu la mafuta.

Tulifungwa kwa tofauti ya goli moja. Ndiyo, nimesema tulifungwa. Wale Wamaswa walikuwa na mfungaji hatari, nasema ukweli. Lakini filimbi ya mwisho ilipolia hakuna aliyeondoka. Wagika na Wagalu wakanizingira kudai hesabu ya pasi, wanabishana, wananivuta mikono, Wamaswa wameshapanda gari lao watu bado wako uwanjani. Bwana Swai alipenya hadi nilipo.

"Minza, hawa wote wametoka wapi?"

"Ni mashabiki, meneja. Uliniambia nikuoneshe."

"Na mmefungwa?"

"Tumefungwa."

Akageuka akawatazama tena. "Mechi ya marudiano lini?" akauliza. Nikamwambia ni Maswa, wiki mbili zijazo. "Watahitaji lori," akasema, akarudi ofisini. Mwalimu Sado aliyekuwa nyuma yangu alipiga ishara ya msalaba. Baadaye meneja alitaka ukurasa kama ule kwa timu ya wanaume, nikamtengenezea, ukadoda, kwa sababu wale walikuwa hawampi mtu mpira kwa lolote.

Nilipomaliza kuwahesabia watu alama zao nikakumbuka baiskeli. Nikakimbia ghalani. Masunga alikuwa ameishika usukani, Holo amesimama mbele yake na kifurushi chake cha nguo, bado amevaa sketi ya mpira. Na kuwazunguka wamesimama wazee wa Wagalu.

"Unampeleka wapi?" mmoja alikuwa anamuuliza.

"Kwa mumewe. Haya ni mambo ya nyumbani kwetu."

"Ya nyumbani kwenu? Masunga, wewe mpiga ngoma. Umeona wapi mtu anaondoa mchezaji wa upande wake katikati ya mashindano? Tuna marudiano. Wagika watatucheka mpaka mavuno mengine."

"Timu si inavunjwa?"

"Haivunjwi," nikasema mimi, pumzi zinanitoka. "Meneja ametoa lori."

Masunga akatutazama wote, mmoja mmoja. Alimnyang'anya Holo kile kifurushi, nikadhani basi, imekwisha. Akakishika kidogo, akakiweka chini taratibu kwenye majani, akapanda baiskeli, akaondoka. Holo alikaa chini pale pale akakikumbatia. Hakujua kama ameachwa au ameahirishiwa.

Ikapita Jumapili. Jumatatu jioni karani wa Ngulyati akaniita kwa redio. Akataja kilo, akataja magunia.

"Nina salamu ya shabiki. Ova."

"Upande gani? Ova."

"Wagalu. Ni Masunga, yuko hapa anataka kuongea mwenyewe, nimemkataza hasikii. Ova."

Nikasikia mkwaruzo, kisha pumzi ya mtu asiyezoea kipaza sauti. "Mama Minza. Mwambie Holo asikae na mpira. Akiupata, Nkwimba aupate papo hapo, Wamaswa hawajageuka. Anachelewesha." Mkwaruzo tena, nikadhani mawasiliano yamekata. "Na Mkula nitakwenda mwenyewe kuongea na yule bwana, niyamalize. Yeye abaki. Nimeuona ule mkono wake juzi, aliponyoosha kupokea mpira. Mimi nilikuwa sijawahi kuutazama. Basi."

Ujumbe wa mpira niliuandika kwa ajili ya ukurasa. Ule mwingine sikuuandika, haukuwa wa kusomwa Dar es Salaam. Nilifunika redio nikaenda ghalani ambako Holo alikuwa anashona magunia, nikamwambia yote kama yalivyosemwa.

"Amesema nibaki?"

"Amesema ubaki. Atakwenda Mkula mwenyewe."

Aliendelea kushona mpaka akafika mwisho wa gunia, akakata uzi kwa meno, kisha akajifunika uso kwa lile gunia akalia. Nilikaa juu ya rundo la magunia kando yake, nalia na mimi, nyuzi za pamba zimetujaa kichwani. Alipomaliza akajifuta, akanikazia macho.

"Na hilo la kuchelewesha mpira," akasema, "mjibu. Mwambie si mimi, ni Nkwimba anachelewa kujitenga. Na mwambie marudiano asiposimama mbele ya Wagalu nimwone, simpi mtu pasi."

Jibu hilo nililiandika ukurasani neno kwa neno.